Mabomu yaliyoweza kubebwa au yaliyobebwa kweli? Mjadala wa shehena za ndege kwenye simyuleta

Mleta mada

Wadau, hili likiguswa tu linaishia kwenye malumbano, kwa hiyo naomba tulijadili kwa utulivu. Kwenye simyuleta za vita vya angani, yaani michezo ya kompyuta ya kuendesha ndege, hasa za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mchezaji aruhusiwe kupakia kila bomu ambalo ndege iliweza kulibeba, au apakie yale ambayo vikosi vyenyewe vilikuwa vikiyabeba, kwa mwaka ule na kwa shabaha ile?

Mimi niko upande wa pili, na nitaanza na B-17G, ndege kubwa ya Marekani ya kudondosha mabomu, kwa sababu ndiyo inayopakiwa ovyo kuliko zote. Takwimu zake zinaonyesha inaweza kubeba karibu kilo 8,000 za mabomu, ukihesabu na ya kutundika chini ya mabawa. Ni kweli. Lakini zile zilizokuwa zikitoka Uingereza kwenda kupiga ndani ya Ujerumani mara nyingi zilibeba kati ya kilo 1,800 na 2,700. Uwezo uliobaki ulikwenda wapi? Ulikwenda kwenye mafuta. Matangi yote ya B-17G yakijaa yanachukua lita zipatazo 10,500, na uzito wake ni kama kilo 7,500. Yaani ndege ilibeba mafuta mara tatu ya mabomu, pamoja na watu tisa au kumi, bunduki zao na risasi zao, na ilipaswa kupanda hadi mita 7,000 na zaidi.

Sasa angalia tunachofanya sisi. Shabaha iko mwendo wa dakika kumi, mchezaji anaweka mafuta robo tangi, anajaza mabomu mpaka mlango, na ndege inapaa vizuri tu. Kisha tunabishana kama bomu fulani ni halali, wakati uongo ulishaingia kwenye tangi kabla hata bomu halijafungwa.

Tarehe 18 Aprili 1942, B-25 kumi na sita, ndege za mabomu za Marekani, ziliruka kutoka kwenye meli ya kubebea ndege USS Hornet kwenda kuipiga Japani. Kila moja ilibeba mabomu manne tu ya pauni 500. Mzinga wa chini (kibanda cha bunduki kinachozunguka) ulitolewa, yakaongezwa matangi, na mkiani wakachomeka mipini ya mifagio ifanane na bunduki. Mpangaji wa safari ile alipima kilo kwa kilo, na kupima huko ndiko ninakokutafuta ninapokaa kwenye simyuleta.

Halafu kuna suala la miaka. Vibomu vya PTAB vya kutoboa vifaru vilianza kutumika kwa wingi kwenye vita vya Kursk, Urusi, Julai 1943. Il-2, ndege ya Kisovieti ya kushambulia ardhini, ilivimwaga kwa mamia mara moja, na hakuhitaji rubani kulenga kifaru kimoja kimoja. Nimewahi kuingia kwenye misheni ya Stalingrad, majira ya baridi ya 1942, nikavikuta viko kwenye orodha. Ukimpa rubani wa Stalingrad silaha ile umemwondolea shida yake yote: kumkaribia adui kwa mabomu machache makubwa na roketi zisizolenga vizuri, huku akipigwa risasi kutoka chini.

Na umbo la ndege lenyewe linaamua mambo. Tumboni mwa He 111, ndege ya mabomu ya Ujerumani, mna vyumba vinane vya bomu moja moja, bomu limesimama wima pua juu, na hakuna linalozidi kilo 250. Likiachiwa linatoka mkia kwanza, linapinduka hewani ndipo linyooke. Ukitaka bomu la kilo 1,000 unalitundika nje na kasi inashuka. Ndege ikitengenezwa hivi kwenye simyuleta, orodha ya mabomu inajiandika yenyewe.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu, ila unachanganya kilichokuwa cha kawaida na kilichokuwa cha kweli. Tarehe 10 Februari 1945 B-17 chache zilikwenda IJmuiden, Uholanzi, kupiga mahandaki ya zege ya boti za kivita. Kila moja ilitundika chini ya mabawa mabomu mawili ya pauni 4,500 yenye roketi mkiani, yaliyoitwa Disney. Kwa kanuni yako mchezaji akiyapakia hayo ataambiwa anadanganya, na historia iko upande wake.

Au chukua Mosquito, ndege ya Uingereza ya injini mbili. Mwanzo ilipangiwa mabomu manne ya pauni 250. Wakafupisha mapezi ya bomu la pauni 500, manne yakaenea mlemle. Baadaye tumbo likatanuliwa, ikabeba bomu moja la pauni 4,000. Watu wa vita walikuwa wakibuni kila mwezi. Ukishikilia orodha ya tarehe fulani unawafanya waonekane kama makarani.

Kingine, nani ataamua? Sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi la anga la Ujerumani iliteketezwa vita vilipoisha. Tutafungia silaha kwa sababu ilikuwa haipo, au kwa sababu karatasi yake iliungua?

Mchangiaji wa pili

Mimi hutengeneza misheni, kwa hiyo niseme ninachokiona. Ukibana mabomu sana watu wanaziacha ndege kubwa, wote wanahamia kwenye za kivita ndogo, na misheni inakosa maana. Kinachoniudhi mimi ni fyuzi, kile kifaa kinachoamua bomu lilipuke lini. Mtu anapita mita 30 juu ya shabaha, anaachia bomu linalolipuka papo hapo, anaondoka salama. Mosquito zilizopiga gereza la Amiens tarehe 18 Februari 1944 zilitumia fyuzi za kuchelewa sekunde 11, na kila kundi lilipangiwa muda wake ili lisilipukiwe na mabomu ya waliotangulia. Mngeanza na hilo kabla ya kuhesabu kilo.

Mleta mada

Nashukuru. Hoja ya fyuzi naipokea nzima. Hata hoja ya Disney naikubali, na imenifanya nirekebishe nilivyosema. Neno “kawaida” halikuwa sahihi. Ninachotaka ni kwamba bomu lije na ndege yake na safari yake.

Grand Slam itanisaidia kueleza. Ni bomu la pauni 22,000, karibu kilo 10,000, lililotumika kwanza tarehe 14 Machi 1945 kwenye daraja la reli la Bielefeld. Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza, ya kulibeba ilikuwa ya pekee: milango ya tumbo imetolewa, mzinga wa mbele na wa juu umetolewa, yote kupunguza uzito. Mchezaji anayelitaka apewe ndege hiyo, bila mizinga hiyo, na mwaka uwe 1945. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni Grand Slam chini ya Lancaster yenye mizinga yote, mwaka 1943. Ndege hiyo haikuwahi kuwepo. Hata Disney ni vivyo hivyo: ichukue, lakini iwe kwenye B-17 iliyofungwa vyuma vya kuitundikia, na shabaha iwe zege nene.

Na kuna jambo ninaloliona zito kuliko yote haya. Usiku mwingi Lancaster ilibeba bomu moja la pauni 4,000 la ganda jembamba, pamoja na mamia ya vibomu vidogo vya moto. Bomu kubwa lilikuwa la kung'oa mapaa na kuvunja madirisha, ili vile vidogo viingie ndani ya nyumba na moto upate hewa. Shehena ile ilipangwa kwa ajili ya kuunguza miji yenye watu. Tukiibadilisha na mabomu kumi na manne ya pauni 1,000 ili mchezaji apige safu ya vifaru, tunafuta kazi ambayo ndege ile ilipewa usiku baada ya usiku. Kijana anayejifunza historia kupitia simyuleta atatoka hapo akijua mlio wa injini za Merlin bila kujua zilikuwa zikipeleka nini.

Kuhusu nyaraka zilizoungua: pale pasipo na ushahidi wa kukataza, mimi niko tayari turuhusu.

Ila hoja yangu ya kwanza hakuna aliyeigusa. Tuseme kila misheni inapanga kiwango cha chini cha mafuta kulingana na umbali halisi wa shabaha ya kihistoria, hata kama ramani ni fupi, na uzito wa kuruka usizidi ule ulioruhusiwa. Mchezaji achague mabomu anayotaka ndani ya kilo zinazobaki. Mtengeneza misheni, hilo linawezekana kwako? Na mkuu uliyeleta Disney, ukiwekewa sharti hilo la mafuta bado utaona umenyimwa uhuru?