Goti linaachia baada ya ajali ya boda: mazoezi ya hospitali, mzee wa kuchua au jimu?

Mkazi wa Ipagala
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa waliopitia, siyo wa kukisia.

Hii ni wiki ya saba tangu boda niliyopanda iteleze kwenye mchanga, kona ya kuingia Nkuhungu. Wala hatukuwa na mwendo. Dereva aliinuka akajipangusa, mimi goti la kushoto likatua kwenye ukingo wa lami. Nikapigwa picha, mfupa mzima, nikapewa vidonge na bandeji, nikaambiwa nipumzike. Nikapumzika kwelikweli: wiki tatu kitandani, naletewa hadi maji ya kunawa.

Maumivu yameisha, nguvu ndiyo haipo. Nikishuka ngazi kazini goti linaachia ghafla kama bawaba iliyochomoka msumari. Juzi fundi cherehani ananipima suruali, akapima paja mara mbili, la kushoto limepungua sentimita tatu. Akaniuliza nimeugua nini.

Nimeambiwa njia tatu. Kliniki ya mazoezi mara mbili kwa wiki, elfu 15 kila nikienda, na kila siku niombe ruhusa. Mzee wa kuchua kule Bahi, ambaye mama mkwe haambiwi kitu juu yake. Au jimu ya mtaani, nalipia mwezi. Ipi?

Shangazi Kongwa
Pole mwanangu. Nenda kwa mzee. Mimi niliteguka mkono nikiteka maji, wa kwetu huku akanichua na mafuta ya nyonyo siku nne, ya tano nasonga ugali. Hospitali watakupa karatasi yenye vikatuni.

Boda Mstaafu
Shangazi shikamoo, ila mkono wako uliteguka ukarudishwa. Huyu hana kilichotoka mahali pake, arudishiwe nini?

Jimu nayo niulize mimi. Nilianguka njia ya Kondoa, wiki ya pili tu nikaenda kubeba vyuma, kilo zilezile za zamani kwa sababu ya kuona aibu mbele ya vijana. Usiku goti likawa kibuyu. Nikaanza upya, mwezi mzima umepotea. Mwisho nikaenda mazoezi pale General, hospitali ya mkoa hapa Dodoma, maana ni mjini. Hospitali ya Mkapa kwangu ilikuwa mbali, kule upande wa chuo kikuu, UDOM, nauli ingenimaliza.

Fizio Mstaarabu
Kazi yangu ni mazoezi tiba, kwa hiyo mkisema navutia kwangu sitabisha sana.

Goti likigongwa na kujaa maji, hata kidogo tu, neva zake zinauzima msuli mkubwa wa mbele ya paja. Unataka kuukaza, haukazi. Ukiongeza na kulala, unanywea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen waliwafunga vijana mguu mmoja kwa wiki mbili tu, wakapoteza karibu theluthi ya nguvu za mguu huo. Wakaendeshwa baiskeli wiki sita: msuli ukajaa tena, nguvu haikurudi yote. Sasa wewe ulilala wiki tatu. Siku nne za Shangazi zisahau.

Kuchua kunalegeza na mtu analala vizuri, sikatai. Lakini msuli unaongezeka kwa kubebeshwa mzigo, mafuta hayaubebeshi kitu.

Kabla hujachagua, nijibu. Unaweza kutembea kwa visigino, vidole vikiwa juu? Neva inayoviinua inapita upande wa nje, chini kidogo ya goti, karibu kabisa na ngozi, na kugongwa ni rahisi. Shavu la mguu limevimba, lina joto, linauma? Kama ndiyo, asikuchue mtu, nenda hospitali leoleo, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na ikifika kwenye mapafu inaua. Na goti je, linakwama?

Mkazi wa Ipagala
Nimetembea kwa visigino hapa sebuleni, watoto wamecheka mpaka wamekaa chini. Naweza. Shavu liko sawa. Halikwami, ila jioni linavimba kidogo.

Fizio Mstaarabu
Basi nenda ukapimwe kano, zile kamba zinazoshikanisha mifupa ya goti. Picha ile ilionyesha mfupa, kano na gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, hazionekani humo, na goti linaloachia linaweza kuwa udhaifu tu au kano iliyochanika. Mikono ya mtu anayejua itatambua mengi hapohapo kitandani. Kama mfuko hauruhusu mara mbili kwa wiki, mwambie wazi, akupangie ya nyumbani, urudi baada ya wiki mbili akupandishie.

La kuanzia usiku huu: kaa sakafuni, mguu umenyooka. Viringisha taulo, liweke chini ya goti, libane kwa goti mpaka kisigino kinyanyuke kidogo. Hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kiganja kiwe juu ya paja, pale kwa ndani juu ya goti, ndipo panapochelewa kuamka. Pakianza kuwa pagumu, ingia kwenye kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika. Kipimo chako ni asubuhi yake: goti likiamka limevimba kuliko jana, ulizidisha. Punguza, usiache.

Jimu baadaye, ukishaweza kushuka ngazi.

Mama Zabibu
Na makongoro mbona hamsemi? Supu kila asubuhi, mguu unarudi.

Fizio Mstaarabu
Mama, mimi mwenyewe nainywa. Lakini ule ute wa makongoro ni protini pungufu, peke yake haujengi msuli. Pembeni pawe na yai, au dagaa, au maharage.

Shangazi Kongwa
Kumbe mlenda na ugali wa uwele havitoshi?

Boda Mstaafu
Shangazi tia karanga humo, mbona mnatia siku zote.

Mkazi wa Ipagala
Mrejesho, siku ya kumi na nane. Nimepimwa, kano nzima. Nimelipia mara mbili tu, nyingine zote nyumbani. Kwa mzee wa Bahi nilienda pia, mama mkwe alishampigia simu, akanichua mgongo na mabega, goti nilimkataza. Nililala kama mtoto.

Taulo nimeacha, niko kwenye kiti. Jana nimeinuka mara saba bila kushika, ya nane kiti cha plastiki kikateleza nyuma nikakaa chini, pwaa.

Fizio Mstaarabu
Kisukume mpaka kigote ukutani. Na ulikuwa umevaa nini?

Mkazi wa Ipagala
Kandambili.

Fizio Mstaarabu
Vua.