Wakituita kutoka angani, nani aitike?

Mada: Tukipata ishara ya viumbe wa sayari nyingine, tuijibu? Mimi nasema hapana, mpaka dunia nzima ikae kikao. Jana jioni nilikuwa pale Malindi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, watoto wanavua changu kwa mishipi chini ya ule msalaba wa jiwe la Ureno, nikawaza. Aprili 1498 mfalme wetu wa Malindi alimpokea yule mgeni kwa heshima zote, akampa na rubani wa kumvusha hadi Calicut, kule India. Hakuwauliza Kilwa, hakuwauliza Mombasa. Mwaka 1505 miji yote miwili iliporwa na Wareno. Mmoja aliitika, wengine wakalipa.

Mtu wa Amu: Ndugu yangu, usimwonee mfalme. Mombasa walikuwa mahasimu wake, naye akapata rafiki mwenye mizinga. Mbona Wachina huwataji? Twiga wa Malindi alifika China 1415, na hao waliondoka bila kumchoma mtu.

Mwenye mada: Twiga nakubali. Lakini walipoondoka, waliondoka kwa hiari yao. Wangetaka kubaki tungewafanya nini? Na huyo rafiki mwenye mizinga alihamia Mombasa 1593, Malindi ikabaki magofu.

Mwalimu wa fizikia, Malindi: Mwabishania mlango ulio wazi kitambo. Mwaka 1974 darubini ya Arecibo, kule Puerto Rico, ilirusha ujumbe kuelekea kundi la nyota la M13. Utafika baada ya miaka kama 25,000, kwa hiyo lala usingizi. Watafiti nao wana mwongozo tangu 1989: ishara ithibitishwe kwanza, itangazwe wazi, na asijibu mtu kabla ya mataifa kushauriana. Ubaya wake ni kuwa hauna nguvu ya sheria. Mwenye mtambo akiamua kujibu, atajibu. Halafu tusijifanye wageni wa mambo haya. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa Ngomeni, kwenye jukwaa la baharini, tarehe 12 Desemba 1970, ikaenda kuchunguza eksirei za nyota.

Dada wa Shela: Kwanza hofu ya nini? Kila siku twasoma Rabbil-alamin, Mola wa walimwengu wote. Wakiwapo, ni viumbe Vyake. Mimi swali langu ni lugha. Vyombo viwili vya anga vya Voyager viliondoka duniani 1977, kila kimoja na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55. Nimeipitia orodha mara mbili. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kireno kimo. Kiswahili hakimo.

Mtu wa Amu: Wallahi? Hata “hujambo” moja?

Dada wa Shela: Hata moja.

Mwenye mada: Kireno kimo! Basi hao wakishuka pwani hii hawataulizia mtu njia. Watakwenda moja kwa moja pale kwenye nguzo.