Tuko watatu, mchezo wetu unahitaji wanane: una maisha kweli?

MrinaKodi

Wakuu, heshima kwenu.

Tuko watatu. Mimi naandika kodi (maandishi ya programu, si ushuru), mwenzangu anachora, wa tatu anashughulika na sauti pamoja na kila kazi isiyokuwa na mwenyewe. Huu ni mwaka wa tatu tunatengeneza mchezo wa mtandaoni, wanne dhidi ya wanne. Timu mbili zinajenga daraja juu ya korongo moja, kila timu kutoka ukingo wake, na njiani mnaibiana mbao. Ukianguka korongoni unarudi mikono mitupu. Mechi moja ni dakika 12.

Mwezi uliopita tulifungua milango siku tatu kwa majaribio. Jumamosi waliingia watu 212. Watu walicheka mpaka basi, mmoja akaturushia video ya saa nne nzima. Jumapili wakaja tisini na kitu. Jumatatu usiku nikabaki naangalia kioo cha kompyuta: watu tisa. Wanane wako kwenye mechi, mmoja yuko kwenye foleni peke yake. Alisubiri dakika kumi na moja, nazihesabu. Nikamwandikia kumwomba radhi, akajibu, "Usijali, nilikuwa nakunja nguo."

Tangu siku hiyo tumegawanyika. Mchoraji anataka tuugeuze uwe mchezo wa mtu mmoja. Wa sauti anasema tukipata mtu mmoja maarufu wa kuurusha mubashara tumepona. Mimi siulizi kama unaweza kuvuma. Nauliza kama mchezo wa watu wachache kama sisi unaweza kuwa bado na watu baada ya miaka mitatu. Aliyewahi kupita huku anisaidie.

SaaNaneUsiku

Mkuu, usijitese. Sony walitoa mchezo wao wa mtandaoni, Concord, tarehe 23 Agosti 2024, tarehe 6 Septemba wakaizima. Wiki mbili! Wao wana pesa, wana matangazo, wana jeshi la wahandisi. Ninyi watatu mtapitia wapi? Fanyeni wa mtu mmoja. Mchezo wa mtu mmoja ukinunuliwa na watu mia, wote mia wanacheza. Huo wenu ukinunuliwa na watu mia, wote wanakaa foleni.

MamaSeva

SaaNaneUsiku, sentensi yako ya mwisho ina ukweli mwingi kuliko hayo ya Concord. Mchezo mkubwa hufa upesi kwa sababu unabeba gharama kubwa. Watu elfu kadhaa kwao ni msiba. Kwa watu watatu, hao elfu kadhaa ni riziki ya miaka. Tusipime mtumbwi kwa kina cha meli.

MrinaKodi, mimi nimeshazika mchezo mmoja, kwa hiyo nakueleza kama mtu aliyeshika jembe. Tulikuwa wanne, mchezo wa mapanga, watatu dhidi ya watatu. Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mwezi wa tatu tukabaki na watu kama 140 waliokuwa wanarudi kila wiki. Wakati ule niliona 140 ni aibu. Leo najua walikuwa wanatosha, na ni mimi niliyewaua.

Niliwaua kwa kuwagawa. Fanya hesabu hii kwa mchezo wako. Chukua watu 60 walio mtandaoni saa moja ileile, ambayo kwa timu ndogo ni siku njema. Wagawe kanda tatu za seva (kompyuta zinazoendesha mechi) ili kila mtu apate ya karibu yenye kasi: 20 kila kanda. Waongezee aina mbili za mechi kwa sababu waliomba: 10. Kisha tenganisha wageni na wazoefu ili wageni wasionewe: 5. Mechi yako inahitaji 8. Yaani watu sitini wapo, wanataka kucheza, na hakuna hata mechi moja inayoanza! Kila mmoja anaona chumba kitupu, anasema "mchezo umekufa," anaondoka, na kweli unakufa. Kila kipengele nilichoongeza kiliombwa na wachezaji wenyewe, kwa nia njema. Nilipoweka mechi za kupanga wachezaji kwa viwango nilishangiliwa. Wiki mbili baadaye foleni ilikuwa dakika tisa.

Kwa hiyo kabla hujauliza utapata wapi watu, punguza idadi ya watu ambao mchezo wako unawahitaji ili uwe mchezo. Mchezo wa Among Us uliotoka 2018 ulitengenezwa na InnerSloth, nao walikuwa watatu kama ninyi. Ulikaa karibu miaka miwili bila kelele, mpaka katikati ya 2020 warushaji mubashara walipoudaka. Watu hukumbuka huo mlipuko tu. Mimi hukumbuka kwamba katika ile miaka miwili mechi iliweza kuanza na watu wanne, na mlijikusanya wenyewe kwa namba ya chumba. Hukuhitaji umati wa dunia, ulihitaji marafiki zako. Mchezo uliweza kusubiri bahati yake kwa sababu haukufa njaa ukisubiri.

Mchezo wa Valheim nao: watengenezaji wake, Iron Gate, walikuwa watano walipotoa toleo la awali Februari 2021, na ndani ya mwezi mmoja hivi wakauza nakala milioni tano. Haya, bahati. Lakini tazama mjengo wake: dunia moja hubeba watu wasiozidi kumi, unaweza kucheza hata peke yako, na mchezaji anaweza kuiendesha kwenye mashine yake mwenyewe. Hata wangeuza nakala elfu tano tu, wale elfu tano wangeendelea kucheza.

Kuhusu kanda za seva, hapa una nafuu ambayo mimi sikuwa nayo. Mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde hata kama kila kifaa njiani ni malaika. Kwa mapanga hiyo ni kifo. Umeshakatwa kabla hujaona panga likiinuliwa. Kwa kujenga daraja, nani atahisi? Mahali pekee pa kuumiza ni watu wawili wakishika ubao mmoja. Ufanye ubao uwe mzito, uchukue nusu sekunde kunyanyuliwa, na seva iamue wa kwanza nani. Ukiweza hilo, unabaki na kundi moja badala ya matatu.

MrinaKodi

Mama, hiyo hesabu ya 60 nimewaonyesha wenzangu, chumba kimekuwa kimya. Tulikuwa tumepanga kanda nne.

Maswali mawili. Tukijaza nafasi na wachezaji wa bandia wanaoendeshwa na kompyuta, si tunawadanganya watu? Na la pili, ukisema mchezaji aendeshe kwenye mashine yake, wachakachuaji si watafurahi?

MamaSeva

La kwanza: utakuwa umewadanganya ukiwaficha. Wape sura ya mashine, majina ya mashine, na mtu akiingia achukue nafasi yake katikati ya mechi bila kusubiri ianze upya. Hilo la kuingia katikati ndilo la maana kuliko akili ya mashine yenyewe. Mkunja nguo wako angeingia sekunde ile ile.

La pili: mwenyeji wa chumba ataweza kuchakachua, ndiyo. Lakini kwenye chumba cha watu wanaojuana, mchakachuaji hana wa kumshinda ila marafiki zake, nao watamfukuza. Uchakachuaji huuma pale panapokuwa na ngazi ya dunia nzima, yaani orodha ya nani yuko juu ya nani, na nafasi ya kugombania. Usiweke ngazi. Nasema hivi nikijua utaombwa ngazi kila siku.

Ngozi_ya_Pikseli

Naongea kama mchezaji tu, sijui kodi. Mimi bado nacheza Quake, mchezo wa kupigana risasi wa 1996. Waliotengeneza waliachia kodi yake mwaka 1999, tangu hapo watu wamekuwa wakiirekebisha wenyewe, wanafungua seva wenyewe, wanaandaa mashindano wenyewe. Hatuko wengi. Wengine nawatambua kwa namna wanavyokata kona, hata wakibadili majina.

Nimenunua michezo kadhaa ya timu ndogo, na kinachonifukuza si uchache wa watu. Ni kutojua watakuwepo lini. Nafungua saa yoyote, chumba kitupu, nafunga. Siku ya tatu sifungui tena. Kuna mmoja waliweka siku maalumu, siku moja kwa wiki na saa moja maalumu, inaandikwa pale pale kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo na saa inahesabu kurudi nyuma. Siku hiyo tunakuwa thelathini, siku nyingine hata watatu hatufiki, na hakuna anayelalamika. Kama mpira wa jioni uwanjani: hakuna anayekwenda saa saba mchana akasema mpira umekufa.

MamaSeva

Hilo la siku maalumu nalitia sahihi. Sisi tulianza Jumatano tukiwa tumeshachelewa, wakati tumebaki na watu ishirini na kitu, na ndizo wiki pekee ambazo mchezo ulikuwa na uhai. Tulipofunga seva yetu tuliwapa programu ya seva waiendeshe wenyewe. Ilikuwa kazi ya wiki mbili tu. Ningeifanya mwaka wa kwanza tungeokoa gharama ambayo ndiyo iliyotufunga. Mpaka leo wanakutana. Huwa naingia kwa jina jingine, na huwa napigwa.

SaaNaneUsiku

Sawa, ila mbona wote mnasema kana kwamba mchezo mbovu utaokolewa na foleni fupi? Labda wale 203 waliondoka kwa sababu baada ya mechi tatu wameshaona yote.

MrinaKodi

SaaNaneUsiku, hilo linauma na nimelichunguza kabla ya kujibu. Kumbukumbu za seva ninazo. Kati ya walioacha, wengi walicheza mechi mbili au zaidi, na kitendo chao cha mwisho kilikuwa kuingia foleni na kutoka. Ila kuna kundi lililocheza mechi nane, tisa, likapotea bila kugusa foleni. Hao ni wako, wameshaona yote. Korongo letu ni moja tu na upepo unavuma upande mmoja siku zote. Mchoraji amekubali kuacha kuchora mavazi, achore makorongo.

Nimejaribu wawili dhidi ya wawili jana. Tatizo nililoliona: mkiwa wawili, mmoja akienda kuiba, daraja linasimama kabisa, kwa hiyo hakuna anayeiba, na wizi ndio utamu wenyewe. Watatu kwa watatu inakaa vizuri zaidi, na nafasi za wasiokuwepo zinajazwa na mashine zilizopakwa rangi ya kutu ili zisichanganywe na mtu. Mashine zinajenga vizuri lakini haziibi, bado sijui nizifundisheje kuiba bila kukera. Kanda nne zimebaki moja. Namba ya chumba inafanya kazi, kuingia katikati ya mechi bado kunaangusha seva mara moja kwa kila mara tano hivi.

Tumechagua Alhamisi, saa tatu usiku kwa saa ya seva. Yule wa kukunja nguo nimemwandikia. Amejibu atakuja, ameuliza kama anaweza kuja na dada yake.