Mikanda ya bendi na chumba cha studio Tabora: niokoe kipi kwanza?

Mjukuu wa Gongoni aliandika:

Wakubwa shikamooni. Baba yangu mdogo, aliyefariki mwaka jana, alibeba vyombo vya bendi hapa Tabora katika miaka ya 1970, na baadaye akafungua studio ndogo ya kurekodi katika chumba cha uani, ambacho kuta zake alizifunika kwa magunia na trei za mayai ili sauti isirudi. Sasa familia inataka kukipangisha. Kabatini nimekuta mikanda kumi na mmoja ya sumaku, ile mikubwa ya magurudumu, pamoja na mashine isiyozunguka na daftari la majina ya nyimbo. Boksi moja linanuka siki, na mkanda mwingine umenata hata haufunguki. Je, nipiganie chumba au mikanda? Nauliza kwa uchungu, kwa sababu tembe la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872 tunalitunza, lakini sijaona chumba hata kimoja mjini kinachozikumbuka bendi zetu kama Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz au Kiko Kids.

Fundi Mitambo alijibu:

Marahaba, na pole kwa kufiwa. Usiucheze mkanda wowote kwanza. Harufu ya siki ni dalili ya mkanda wa asetati, aina ya plastiki ya zamani, unaooza. Kuoza huko hakuponi, hupunguzwa kasi tu kwa ubaridi na ukavu, na mvuke wake huharibu mikanda ya jirani, kwa hiyo litenge boksi hilo leo hii. Ule unaonata una ugonjwa mwingine, nao umeikumba mikanda mingi ya miaka ya 1970 na 1980: gundi inayoshikilia unga wa sumaku imefyonza unyevu. Mkanda wa namna hiyo hukaushwa na mtaalamu kwa joto la nyuzi 54 hivi kwa saa kadhaa, kisha hunakiliwa upesi kabla haujaanza kunata tena, lakini wa siki usiupashe joto kamwe. Daftari nalo lipige picha ukurasa kwa ukurasa, maana mkanda usio na jina la wimbo wala la mpigaji ni nusu yatima. Kuhusu chumba, kwa maoni yangu hizo ni kuta tu.

Mzee wa Ujiji alijibu:

Fundi, kwenye mikanda nakuunga mkono, ila kwenye kuta sikubaliani nawe. Bendi zetu za magharibi zilisafiri hadi Dar es Salaam kurekodi Redio Tanzania, na santuri zikatengenezwa Nairobi, njia ambayo ikawa ngumu zaidi baada ya mpaka wa Kenya kufungwa mwaka 1977. Katika kurekodi kwa siku zile bendi nzima ilipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na aliyekosea ubeti wa mwisho aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Ndiyo maana ukisikiliza gitaa la wakati ule unakisikia na chumba chenyewe. Waingereza walilitambua hilo mwaka 2010, walipoziwekea studio za kurekodi muziki za Abbey Road, London, ulinzi wa kisheria baada ya habari kuenea kwamba zingeuzwa. Kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyatazama majengo ya kabla ya mwaka 1863, na jengo la juzi hulindwa pale tu Waziri anapolitangaza, jambo ambalo chumba cha uani hakitalipata kabla mpangaji hajaingia.

Kwa hiyo, mwanangu, mikanda itangulie, lakini magunia yasishushwe bado. Pima urefu, upana na kimo cha chumba, chora mahali alipokaa kila mpigaji kama kuna anayekumbuka, kisha simama katikati, upige kofi moja kubwa na kurekodi mlio wake hadi unyamaze. Kwa kofi hilo mafundi wa leo wanaweza kuurudisha mwangwi wa chumba kwenye kompyuta hata baada ya kuta kuvunjwa.

Mjukuu wa Gongoni aliandika:

Nawashukuru sana. Boksi la siki nimelihamishia chumba kingine, na shangazi amekubali mpangaji asubiri mwezi mmoja. Kesho asubuhi, kabla sokoni hakujachangamka, nitaingia na kipimo na simu nikapige hilo kofi.