Tupeane uzoefu: kizunguzungu kwenye chuma kizito, wewe kilikukamata wapi?

Kijana wa Nyakato:
Wakuu, habari za jioni. Jumanne nilikuwa jimu ya huku kwetu Nyakato, Mwanza, ile ya uani, vyuma vingine vya dukani, vingine ekseli ya gari imechomelewa na makopo ya zege. Nikapakia kilo 140, ile ya kuinua kutoka chini mpaka unasimama wima. 130 nimeshaipiga mara tatu bila shida, kwa hiyo nilijiona mtu mzima.

Nikavuta pumzi, nikabana, chuma kikapanda polepole hadi mapajani. Hapo juu nikakaa nacho kwa mbwembwe kidogo maana kuna jamaa alikuwa anarekodi. Wakati nakishusha nikaachia pumzi yote kwa mkupuo, fuuu, na hapohapo masikio yakaanza kuvuma kama injini ya boti. Giza likaanzia pembeni ya macho likaja katikati. Chuma kikanitoka, vigae viwili vya mwenye jimu vikapasuka, na mimi nikajikuta nimekaa chini jamaa wananipepea na kipande cha boksi. Video ipo, siiweki.

Nina miaka 26, sivuti, presha sina nijuavyo. Ila niseme ukweli, siku hiyo nilikunywa chai na chapati mbili saa nne asubuhi, na mazoezi nilianza saa kumi na mbili jioni. Katikati hapo maji tu, tena si mengi.

Sasa wenzangu tupeane. Mtu asiseme tu "nilisikia kizunguzungu". Aseme kilikuja saa ngapi: kabla hujainua, ukiwa katikati, au baada ya kuachia? Naona kama ndipo siri ilipo.

Mtoto wa Kirumba:
Pole sana mkuu. Mimi ni kwenye kuchuchumaa na chuma, kile cha kukiweka mbele, juu ya mabega chini ya kidevu. Kilo 80 tu, siyo uzito wa kutisha. Nikiinuka tu naona nyota, mara tatu wiki moja. Ticha akaniangalia mara moja akasema, "Wewe chuma kimekukaba." Kumbe viwiko vyangu vilikuwa vinashuka, chuma kinateleza kuja kooni. Nikainua viwiko mpaka vikaelekea ukutani, chuma kikakaa kwenye nyama ya bega. Mpaka leo sijaona nyota tena.

Kuli Mstaafu:
Nyie vijana mnalipa hela ili mbebe vitu vizito, mimi nililipwa. Miaka 11 Mwaloni pale Kirumba, magunia ya dagaa kutoka kwenye boti mpaka kwenye lori, na msimu wa mahindi ni lumbesa, gunia limefungwa kilemba juu, ukiliangalia tu shingo inauma.

Kizunguzungu kilinikuta mara mbili ambazo siwezi kusahau. Ya kwanza nilikuwa mgeni, nikabana pumzi kama mtu anayezamia. Nilipolitua gunia kwenye lori nikasimama palepale, mikono kiunoni, napumzika. Nikaanza kuyumba. Mzee mmoja akanipiga kofi la mgongo akaniambia, "Tembea! Ukitua mzigo usisimame, tembea!" Ndiyo maana ukienda Mwaloni utaona kuli akishatua haganda, anageuka anarudi botini hata kama hana haraka. Na wakati wa kujitwika utasikia wanatoa sauti, "hiiii-yah". Siyo ushamba ule, pumzi inatoka kidogokidogo mzigo ukiwa unapanda.

Ya pili ilikuwa mbaya. Nipo katikati ya ubao, ule unaounganisha boti na nchi kavu, ubao wenyewe haujai nyayo mbili. Nikaona maji yanapanda juu na mbingu inashuka chini. Nililitupa gunia ziwani ili nisiende nalo. Tajiri akanikata siku tatu za kazi. Kesho yake nikapimwa, malaria. Nilikuwa nayo siku mbili nikidhani ni uchovu. Tangu hapo mwili ukiwa na joto sigusi hata ndoo.

Mkali wa Pasiansi:
Wakuu mnaikuza. Huko ni kuishiwa nguvu tu, unakoroga glukosi unaendelea. Halafu Mwanza tuko juu, hewa nyepesi, lazima kichwa kizunguke.

Kijana wa Nyakato:
Mkali, ziwa liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Mimi nimezaliwa hapa. Hewa nimeizoea kuliko ugali.

Binti wa Bugarika:
Naona mmejaa wanaume na kila mtu anasema pumzi, pumzi. Ngoja niwape ya kwangu.

Mimi sinyanyui kilo 140. Nilianza jimu baada ya mtoto wa pili, chuma kitupu cha kilo 20 na visahani viwili vidogo. Kila seti naona giza. Nikabadilisha kupumua, nikala ndizi kabla, nikanywa maji, wapi. Kilichonishtua siyo jimu, ni njia ya kurudi nyumbani. Wenyeji mnajua nyumba zetu ziko juu ya mawe, unapanda ngazi za watu, unakatiza kwenye uwanja wa huyu na jiko la yule. Zamani nilikuwa napanda na ndoo kichwani. Sasa nikawa nasimama mara nne na mkoba tu, moyo unadunda mpaka kwenye meno. Mama mkwe akanivuta kope ya chini akatazama, akasema, "Mwanangu, wewe huna damu."

Nikaenda kupima wingi wa damu: 8.1, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa asishuke 12. Hedhi zangu zilikuwa nzito miezi na miezi na nilishazoea nikaona ndivyo zilivyo. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, na choo kikapimwa pia kwa sababu ya minyoo na kichocho, maana huku ziwani sote tumeoga humo. Nilimeza miezi mitatu. Choo kinakuwa cheusi, msiogope. Leo nachuchumaa na kilo 45, na ngazi za Bugarika napanda nikiongea na simu.

Dada zangu, giza likija hata kwenye uzito mdogo, msibishane na ticha kuhusu pumzi. Nendeni mkapime damu.

Nesi wa Zamu:
Niko zamu ya usiku, wodi imetulia, acha niandike.

Mleta mada ameuliza swali zuri. Ukibana pumzi na kukaza tumbo, kifua kinakuwa kama chupa iliyozibwa. Presha ya ndani yake inabana mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Wakati huohuo misuli iliyokakamaa inaminya mishipa yake yenyewe, kwa hiyo presha ya damu inaruka juu mno. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyua vyuma kwa sindano iliyo ndani ya mshipa wa mkono wakiwa wanasukuma uzito kwa miguu yote miwili: wastani ulifika 320 kwa 250. Hapa kwetu ukija na 180 tu tunakukalisha na hatukuachii uende.

Sasa ukiachia pumzi na mzigo kwa pamoja, misuli inafunguka, damu inakimbilia huko, presha inaporomoka ghafla. Moyo unahitaji muda kidogo kufidia. Katika muda huo ubongo, ambao ndio uko juu kuliko vyote, unakosa. Ndiyo giza lako lile. Mzee wetu Kuli, shikamoo, alichoambiwa pale Mwaloni ni sahihi kabisa: misuli ya mashavu ya miguu ukitembea inasukuma damu irudi juu. Ukiganda, damu inatuama miguuni.

Simwambii mtu aache kubana kabisa, mgongo unahitaji ule ukakamavu. Bana kwa mara moja, toa pumzi taratibu ukishapita pale pagumu, vuta upya. Mtoto wa Kirumba naye, pembeni ya koo kuna mshipa mkubwa wenye vihisio vya presha. Ukiukandamiza, mwili unadhani presha imepanda, unapunguza mapigo ya moyo.

Kinachonitisha mimi ni mtu anayezima akiwa katikati ya juhudi, kabla hajaachia. Huyo, au mwenye maumivu ya kifua, au mapigo yanayorukaruka, au mwenye ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, asirudi kwenye chuma mpaka apimwe umeme wa moyo. Na kichwa kikipasuka ghafla kwa maumivu kama umepigwa nyundo, au upande mmoja wa mwili ukalegea, usilale kwanza uone kama kitaisha. Hospitali usiku huohuo.

Baba Watatu:
Nina miaka 54, natumia vidonge vya presha. Kizunguzungu changu kilikuwa kinakuja nikinyanyuka kutoka kwenye benchi, kidonge kimemezwa saa moja kabla. Sikuacha dawa, nilirudi kwa daktari akanibadilishia muda, na akaniambia nipunguze uzito niongeze idadi. Imetulia.

Mvuvi wa Igombe:
Jamani mimi ni tofauti kidogo. Nikilala kwenye benchi kusukuma kifua, kabla hata sijashika chuma, dari linazunguka kama pangaboi. Hata kitandani nikigeukia kulia. Ni kitu gani hiki?

Nesi wa Zamu:
Mvuvi, hiyo mara nyingi ni sikio la ndani. Kuna vijiwe vidogo vinatoka mahali pake, ukibadilisha mkao wa kichwa vinachokoza mizani. Nenda kwa daktari wa masikio, kuna namna ya kukugeuza kichwa hatua kwa hatua na vinarudi, wengine siku hiyohiyo. Hadi hapo usijilaze chini ya chuma peke yako.

Mvuvi wa Igombe:
Asante sana dada. Nilishaambiwa nimelogwa.

Kijana wa Nyakato:
Wakuu narudisha majibu. Nimepima: damu 14.6, presha 122 kwa 78, malaria hakuna. Leo nimekula ugali na sato saa nane, nimepakia 120 tu. Nimetoa ile sauti ya Kuli, wenzangu wamecheka, nimeshusha, nimetembea mpaka getini na kurudi. Kichwa kiko sawa.

Mwenye jimu alikuwa ananisubiri pale getini na daftari. Vigae hajasahau.