Buster Posey aingie Cooperstown kura ya kwanza, au apange foleni? Tupeane uzoefu

Wakuu, Posey, yule mdakaji wa besiboli ya Marekani (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji), alitundika glavu, yaani alistaafu, mwisho wa msimu wa 2021. Sheria inataka misimu 5 ipite, kwa hiyo jina lake linaingia kwenye karatasi ya kura ya Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli, ulioko Cooperstown, kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2026, na matokeo ni Januari 2027. Ana hiti (mipigo iliyomfikisha kwenye besi salama) 1,500 kamili, homu rani (mipigo ya kuzunguka besi zote) 158, wastani wa hiti wa .302, tuzo ya MVP (mchezaji bora wa ligi) ya 2012 na pete 3 za ubingwa wa World Series akiwa na San Francisco Giants (2010, 2012, 2014). Lakini ni misimu 12 tu, na miwili kati ya hiyo ni ya kuhesabia vidole: 2009 mechi 7, 2011 mechi 45. Mnaofuatilia kura hizi, leteni namba. "Alikuwa raha kumtazama" haitoshi.

*

Tuanze na taratibu, maana wengi wanabishana bila kuzijua. Wanaopiga kura ni waandishi wa BBWAA, chama cha waandishi wa besiboli Marekani, waliokaa humo miaka 10 mfululizo. Kila mmoja anaweka alama kwenye majina yasiyozidi 10, anasaini, anatuma kwa posta kabla ya 31 Desemba kwisha. Ukipata asilimia 75 umeingia. Chini ya 5 unafutwa moja kwa moja. Ukiwa hapo katikati unarudi mwakani, mwisho mara 10. Zamani ilikuwa 15, wakapunguza 2014.

Hakuna kifungu kinachosema anayeingia kura ya kwanza ni wa daraja la juu kuliko wa kura ya saba. Hayo ni mazoea ya waandishi wenyewe, na yamewaumiza wakubwa: Joe DiMaggio alisubirishwa hadi 1955, Yogi Berra wakamwacha 1971 wakamchukua 1972. Kibao cha shaba cha Berra hakina tofauti na cha mwingine yeyote pale.

Kingine kinachosahaulika: karatasi tupu nayo inahesabiwa. Mwandishi akituma bila alama hata moja kwa sababu ya hasira zake, zinatakiwa kura 3 za ndiyo kumfidia.

*

Naomba kutofautiana na mnaomwona ameshapita. Hiti 1,500 ni chache. Mtazameni Andruw Jones: hiti 1,933, homu rani 434, Glavu za Dhahabu (tuzo za ulinzi bora) 10. Mwaka wake wa kwanza, 2018, alipata asilimia 7.3. Ameingia 2026, akiwa amebakiza mwaka mmoja tu. Leo aje mtu mwenye hiti 433 pungufu apite getini bila kusimama? Sikatai kwamba Posey ni wa Cooperstown. Nakataa haraka hii.

*

Mkuu, unampima mdakaji kwa rula ya mtu wa autifildi. Jones alisimama uwanja wa nje. Mdakaji anachuchumaa kwenye kila mpira unaorushwa na mrushaji wake, na mechi moja inaweza kuzidi mipira 140. Magoti yanakwisha mapema, anapumzishwa mara kwa mara, kwa hiyo hiti lazima ziwe chache.

Ndiyo maana waliochaguliwa na waandishi kura ya kwanza kwa nafasi hiyo ni watatu tu: Johnny Bench 1989, Iván Rodríguez 2017 na Joe Mauer 2024. Wa kumlinganisha na Posey ni Mauer. Ana hiti 2,123, sawa, lakini alidaka mechi 921 tu. Baada ya mtikisiko wa ubongo wa 2013 alihamishiwa besi ya kwanza, ambako hachuchumai, na sehemu ya hiti zake alizipatia huko. Posey alidaka mechi zaidi ya 1,000 ndani ya muda mfupi kuliko wake.

Halafu kuna kazi isiyoonekana kwenye hiti. Mpira ukija chini ya goti la mpigaji, mdakaji wa kawaida anaufuata kwa glavu kutoka juu, mkono unazama, refa anaona ni "boli" (mpira mbovu, faida kwa mpigaji). Posey alikuwa anatanguliza glavu chini, anaupokea mpira ukiwa unapanda na mkono wake, inaitwa straiki (mpira halali, hasara kwa mpigaji). Uamuzi mmoja wa hivyo una thamani ya kama moja ya nane ya ran (pointi). Zidisha kwa mamia kwa msimu. Sasa angalieni WAR, kipimo cha ushindi ambao mchezaji anaiongezea timu: tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference hawahesabu kazi hiyo na wanampa kama 45. Wenzao wa FanGraphs wanaihesabu, wanampa zaidi ya 55. Kabla hujamtetea au kumpinga, sema unasoma daftari la nani.

*

Kuna wanaoongezea ile sheria ya 2014 ya kuzuia kumgonga mdakaji kwenye homu pleti (kituo ambako mkimbiaji anafunga ran), iliyokuja baada ya Posey kuvunjwa mguu 25 Mei 2011. Hiyo iacheni. Kuumizwa si sifa.

*

Ushauri kwa watakaofuatilia Desemba. Msidanganywe na kura ambazo waandishi wanazitangaza wenyewe mapema. Wanaojitangaza huwa wakarimu. Wanaokaa kimya ni wabanaji. Mauer alikuwa juu ya asilimia 80 kwenye zile za hadharani, akamaliza na 76.1: kura 293 kati ya 385, na zilizohitajika ni 289. Kura 4 tu! Kwa hiyo Posey mkimwona kwenye 78 siku moja kabla ya matokeo, hesabuni kwamba hajaingia. Akiwa 85, andaeni sherehe. Na kila karatasi ya hadharani iangalieni kama imejaa majina 10: mwandishi aliyejaza zote bila kumweka Posey huenda alikosa nafasi, ila aliyeweka majina 4 na kumruka amemkataa kwa makusudi, na huyo ndiye wa kuulizwa sababu.