Naomba ushauri: ngoma na matarumbeta kwenye onyesho la mavazi

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Mikindani, Mtwara, naandaa onyesho la mavazi ya kanga na vitenge. Sitaki muziki wa kurekodiwa; nilivutiwa sana na Chanel, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, walivyoweka okestra nzima kwenye onyesho lao ukumbi wa Grand Palais, Paris, Oktoba 2010. Mimi nina matarumbeta manne na wapiga ngoma za sindimba.

Tatizo ni mwendo. Ngoma ikikolea kasi inapanda, wanamitindo nao wanakimbia. Juzi kwenye mazoezi binti mmoja alikanyaga pindo la gauni, likachanika hadi gotini. Nimemwekea mpigaji mkuu sikioni mapigo ya kushikilia mwendo kutoka kwenye simu, anasema yanamfunga mikono.

Je, wapigaji wamfuate mwanamitindo, au yeye awafuate? Na mtu akichelewa kuvaa nyuma ya pazia, tuunganishe vipi bila muziki kukatika?